Baba wa Dakani: Usiku wa Uzazi Unamfungaje Baba na Mwanawe?

Mwanangu wa kwanza alipotiwa mikononi mwangu, nilichokisikia ni njaa. Ilikuwa karibu na alfajiri. Nilikuwa juu ya benchi la mbao nje ya wodi tangu baada ya isha, na tumboni hamna kitu ila kikombe cha kahawa tungu. Usiku kucha mlango ulifunguliwa mara tatu kwa ajili yangu. Mara ya kwanza mlinzi aliuliza mume wa fulani ni nani, alete beseni na leso mbili zaidi. Mara ya pili aliniambia nisisimame mlangoni. Mara ya tatu akatoka shangazi wa mke wangu na furushi la leso, akasema, "Haya baba, mwadhinie."

Nikamwadhinia sikio la kulia, nikamkimia la kushoto. Sauti ilitetemeka, waliokuwapo wakadhani ni furaha. Kisha nikamrudisha kwa shangazi, nikaenda kutafuta mahamri.

Yale mapenzi ambayo wenzangu wa barazani walikuwa wameniahidi ("ukimwona tu, utajua mwenyewe") hayakuja asubuhi ile, wala wiki ile. Sikumwambia mtu. Hapa Amu, mji wa Lamu katika pwani ya Kenya, wanaume tunazungumza kila kitu barazani, kuanzia mpira wa Uingereza mpaka bei ya kamba, lakini hili halina baraza lake. Miaka ilipita ndipo nahodha mmoja, mtu wa maneno machache, aliponinong'oneza kwamba na yeye alimtazama mwanawe wa kwanza kama mzigo wa mtu mwengine uliopakiwa chomboni kwa makosa. Hapo ndipo nilipoanza kusoma.

Swali lililonisumbua ni hili: je, ni kwa sababu tulikuwa nje? Siku hizi vijana wetu huambiwa, kwenye kliniki na kwenye simu zao, kwamba baba asiyeshuhudia mwanawe akizaliwa hukosa kitu kisichorudi. Kwa mji kama huu hiyo ni hukumu nzito. Nyumba ya kale ya mawe ya Amu ina daka mlangoni, ambapo wanaume hukaa, na kadiri unavyoingia ndivyo nyumba inavyozidi kuwa ya wanawake: kiwanda (ua wa katikati), misana (vyumba virefu), kisha ndani, kwenye ukuta wa zidaka (vishubaka). Uzazi ulikuwa huko ndani kabisa. Baba alikuwa dakani, na tangu wake zetu waanze kuzalia hospitalini, daka limegeuka benchi.

Lugha yetu nayo ina maoni yake. Huku pwani, "mzazi" ni kwanza yule mwanamke aliyetoka kujifungua; tukisema nyumba fulani ina mzazi, hakuna anayefikiri tunamtaja baba. Na "uchungu" ni yale maumivu ya kuzaa, lakini vilevile ni ile huruma inayokata maini: fulani ana uchungu na mwanawe. Ndiyo maana wazee wakasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ukizifuata maana zote mbili hadi mwisho, unafika mahali pabaya kwa mwanamume: asiyeupata uchungu wa kwanza, wa pili ataupatia wapi?

Saa ya kwanza ilivyopata sifa

Wazo kwamba saa za mwanzo ndizo zinazofunga mzazi na mtoto lina tarehe. Mwaka 1972 madaktari wawili wa watoto nchini Marekani, Marshall Klaus na John Kennell, walichapisha utafiti wa akina mama 28. Nusu yao waliletewa watoto kwa utaratibu wa hospitali za siku zile: wanaonyeshwa mtoto kidogo, anaondolewa, kisha analetwa kila baada ya saa chache anyonye na kurudishwa. Nusu ya pili waliongezewa saa 16 za kukaa na mtoto katika siku tatu za mwanzo. Mwezi mmoja baadaye, hawa wa pili walionekana kuwakodolea watoto wao macho zaidi na kuwatuliza zaidi wanapolia.

Utafiti ule ulifanya mema makubwa. Hospitali nyingi duniani ziliacha kuwafungia watoto chumba chao peke yao, wakawekwa ubavuni mwa mama. (Bibi zetu waliozalia nyumbani wangeshangaa kwamba jambo hili lilihitaji utafiti.) Lakini watu walichukua matokeo ya akina mama 28 wakayafanya sheria ya maumbile: kuna dirisha dogo baada ya kuzaliwa, likifungwa limefungwa. Watafiti waliorudia kazi ile kwa vikundi vikubwa hawakuiona tofauti ile ikidumu. Na hata bila wao, kila mtaa una mama aliyelea mtoto wa marehemu dada yake, akampata akiwa na miezi sita au mwaka, na huwezi kuniambia hakufungamana naye.

Kwa upande wa baba, utafiti unaotajwa sana ulifanyika London, ukachapishwa mwaka 1974 na Martin Greenberg na Norman Morris. Waliwahoji wanaume 30 waliopata mtoto wa kwanza. Nusu walikuwamo chumbani mtoto akizaliwa; nusu walionyeshwa mtoto baadaye. Walichokuta ni kwamba makundi yote mawili yalisema karibu maneno yaleyale: wanashindwa kuacha kumtazama mtoto, wanataka kumgusa, wanajiona wamekuwa watu wakubwa zaidi kuliko jana. Watafiti waliita hali hiyo kuzama kwa baba. Tofauti ilikuwa ndogo na ya mahali pamoja: waliokuwa chumbani walisema wanaweza kumtambua mtoto wao kati ya wengine kwa uhakika zaidi, na hawakuogopa sana kumshika.

Kumbuka hilo la kumshika, nitalirudia.

Mwaka 1985 mtafiti Rob Palkovitz alizikusanya tafiti zilizokuwapo kuhusu baba kuhudhuria uzazi na kumgusa mtoto mapema, akazipekua moja moja. Alihitimisha kwamba ushahidi wa kuhudhuria peke yake kumfunga baba na mtoto ni hafifu. Ugumu uko hapa. Chukua wanaume wawili wa mtaa wetu wa Langoni. Mmoja amemsindikiza mkewe kliniki tangu mwezi wa nne, anajua kilo zilizoandikwa kwenye kitabu, ameshaomba ruhusa kazini. Mwenziwe yuko Mombasa, atapata habari kwa simu. Yule wa kwanza akiruhusiwa kuingia leba, na mwaka mmoja baadaye ukamkuta anabadilisha nepi, utasema ni chumba kilichomfanya hivyo? Tabia hiyo aliingia nayo mlangoni. Tafiti nyingi za zamani zilimpima yeye, zikakisifu chumba.

Na siku hizi hata kupima kumekuwa kugumu. Kule Uingereza, ambako miaka ya 1960 baba ndani ya chumba cha kuzalia alikuwa kioja, leo zaidi ya tisa kati ya kumi huingia. Wote wakishaingia, wa kulinganishwa nao hayuko tena. Aliyebaki nje kule ana sababu zake, na huenda ni sababu hizo zinazompata mtoto kuliko ule ukuta.

Lakini usiku ule haupiti bure

Mpaka hapa ningeweza kufunga kitabu na kujifariji. Ila tafiti zilezile, pamoja na za baadaye, zinaonyesha kwamba yaliyompata baba usiku ule huweza kumfuata nyumbani. Yanapita njia nyingine tu, nayo ni hofu.

Anayejua njia ya majini kutoka Kizingitini au Faza kuja Amu atanielewa haraka. Boti ya kawaida huchukua saa mbili au zaidi, na pale Mkanda, kati ya Manda na bara, maji yakipwa chombo hakipiti. Uchungu haungoji maji kujaa. Mwanamume aliyemshika mkewe ndani ya boti usiku, injini ikikohoa, chupa ya uzazi imekwisha kupasuka na taa ya simu ndiyo taa pekee, ameshuhudia uzazi kuliko baba yeyote wa London. Alikuwapo kwa kila dakika, na hakuwa na uwezo wa kufanya lolote. Ukimuuliza baada ya miezi mitatu, huenda asikwambie kuhusu mtoto. Atakwambia kuhusu Mkanda.

Watafiti wa nchi mbalimbali wamewaandika wanaume kama huyo. Waliomwona mke akimwaga damu, au mtoto akitoka halii, au kitanda kikisukumwa mbio kwenda chumba cha upasuaji bila mtu kusema neno, baadhi yao hubaki na ndoto mbaya, moyo kwenda mbio wakisikia mlio unaofanana, na kukwepa kila kinachowakumbusha. Sasa fikiri: kinachowakumbusha zaidi kuliko vyote kiko kitandani mwao, kimefungwa kwenye leso. Mwanamume anaanza kuchelewa kurudi. Watu watasema hana mapenzi na mwanawe.

Kuna pia sonona, ambayo tumezoea kuihesabu ya akina mama pekee. Mwaka 2010 James Paulson na Sharnail Bazemore walijumlisha tafiti nyingi wakapata kwamba karibu baba mmoja kati ya kumi hupata dalili za sonona kati ya ujauzito na mwaka wa kwanza wa mtoto, zaidi katika miezi ya tatu hadi ya sita, na kwamba mara nyingi huambatana na ya mama. Kwetu haitwi sonona. Huitwa "amekuwa mkali siku hizi", au miraa imezidi, au yuko baharini tu.

Nilipoendelea kusoma maneno ya baba wenyewe, niliona kitu kinachowakera wote, walioingia chumbani na tuliobaki nje. Mapitio moja ya mwaka 2012, yaliyokusanya mahojiano ya baba katika nchi kadhaa, yaliwaelezea kwa maneno ambayo ningeweza kuyachonga kwenye lile benchi langu: si mgonjwa, wala si mgeni. Hawana nafasi. Wengine waliingizwa leba wakasimamishwa pembeni, hawajui washike nini, waulize nani, waruhusiwe kulia au la. Wengi wanasema maumivu ya mke waliyaweza kuliko kule kutoambiwa kitu.

Na niseme kwa haki, kwa sababu nina dada zangu wauguzi: leba za hospitali nyingi za umma ni chumba kimoja cha vitanda kadhaa na pazia. Ukimwingiza mume wa huyu, umemvunjia stara yule. Wauguzi wa zamu ya usiku ni wachache na mikono yao imejaa. Mlango kufungwa ninauelewa. Lakini sentensi moja, "mkeo yu salama, bado kidogo," huchukua muda mfupi kuliko kuitisha beseni.

Je, baba aingie basi? Daktari wa Ufaransa Michel Odent alishikilia kwa miaka mingi kwamba mwanamume chumbani huchelewesha uzazi, kwa sababu hofu yake humwambukiza mke. Majaribio hayajamthibitishia, lakini siwezi kumcheka. Kama angekaa na bibi zetu wangepatana sana. Lililothibitishwa vizuri zaidi ni jambo la jirani: mwanamke asiyeachwa peke yake. Mapitio ya mwaka 2017 ya majaribio 26, yenye wanawake zaidi ya 15,000 katika nchi 17, yalionyesha kwamba mwenye mtu wa kukaa naye mfululizo huzaa kwa njia ya kawaida zaidi, uchungu wake huwa mfupi kidogo, na hupasuliwa mara chache zaidi. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza kila mwanamke awe na mwandani anayemchagua mwenyewe.

Anayemchagua mwenyewe. Mke wangu alimtaka shangazi yake, aliyezaa saba na aliyejua kumsugua kiuno. Nilikasirika kimoyomoyo. Leo naona alichagua sawa. Kosa halikuwa mimi kukosa kuingia, lilikuwa kwamba nilipotoka kwenye benchi hakuna aliyenipa kazi.

Mwili wa baba nao hubadilika

Tuliamini kwamba mwili unaobadilika ni wa mama tu. Tangu mwaka 2000, watafiti wa Canada wakiongozwa na Anne Storey walipopima damu za wanandoa wanaotarajia mtoto, imejulikana kwamba homoni za baba nazo huyumba. Prolaktini, ile inayoleta maziwa kwa mama, huongezeka kwa baba kuelekea uzazi. Testosteroni, homoni ya kiume, hushuka baada yake.

Kilichonivutia ni kinachoishusha. Katika mji wa Cebu, Ufilipino, wanaume 624 walipimwa mwaka 2005, wakapimwa tena 2009. Waliokuwa wameoa na kuwa baba katika muda huo testosteroni yao ilishuka sana, na waliokuwa chini kuliko wote ni wale waliokaa na mtoto saa tatu au zaidi kwa siku, wakimlisha, wakimwogesha, wakicheza naye. Karibu na kwetu, watafiti waliwapima Wahadza wa upande wa ziwa Eyasi nchini Tanzania na majirani zao Wadatoga. Baba wa Kihadza hubeba watoto na kulala nao, na testosteroni yao ni ya chini kuliko ya Wahadza wasio na watoto. Kwa Wadatoga, ambao kulea watoto wadogo ni kazi ya wanawake, wenye watoto na wasio nao walikuwa sawa.

Nawasikia mabarobaro wa baraza wakiguna wakisikia homoni ya kiume imeshuka. Watulie; hushuka ndani ya mipaka ya afya, na waliokutwa nayo chini walikuwa na watoto. Maana yake kubwa ni kwamba mwili wa baba haukungoja kuona damu ya uzazi. Uliitikia kubeba. Wakati mama ana miezi tisa ya matayarisho tumboni, baba hutayarishwa na kazi yenyewe, na asiyepewa kazi, kama Mdatoga wa tafiti zile na kama mimi nilivyokuwa wiki za mwanzo, mwili wake hauambiwi kitu.

Wala usifikiri ni maumbile ya Wazungu au ya Wahadza peke yao. Katika misitu ya Afrika ya Kati, mtafiti Barry Hewlett aliwafuata watu wa kabila la Waaka, akakuta baba wakiwa na mtoto mkononi au umbali wa kumfikia kwa mkono karibu nusu ya muda wa siku.

Mtoto kwa upande wake hana habari na wewe. Hili lilinipa raha ya ajabu nilipolisoma. Mtoto asiyefikisha siku tatu anaijua sauti ya mama na kuipenda kuliko ya mwanamke mwengine. Hilo lilionyeshwa mwaka 1980. Miaka minne baadaye wakajaribu sauti ya baba: mtoto alitofautisha sauti mbili za kiume, lakini hakumpendelea baba yake. Adhana yangu basi haikukutana na mtu anayenifahamu. Tulikuwa wageni wawili. Lakini huko Glasgow, Rudolph Schaffer na Peggy Emerson walifuatilia watoto 60 na kuchapisha mwaka 1964: walipofika miezi 18, karibu robo tatu yao walikuwa wamefungamana na baba pia, wanalia akitoka.

Mafuta ya nazi

Mke wangu alijifungulia kwao, kama ilivyo ada ya mimba ya kwanza, akakaa huko arubaini. Arubaini ni hekima kubwa, nisieleweke vibaya. Mzazi anakandwa maji moto, anafungwa tumbo, anakunywa uji wa pilipili manga, hapiki, hafagii. Nchi tajiri zina akina mama wanaolia peke yao na mtoto wa siku kumi. Sisi tuna nyumba iliyojaa shangazi.

Ila baba ndani ya arubaini ni mgeni wa alasiri. Nilikuwa nikija baada ya asri na mfuko wa matunda. Nakaribishwa, naketishwa, naletewa chai ya maziwa na kaimati. Mtoto analetwa, ninampakata dakika tano, kila aliye chumbani akiniangalia mikono. Akikunja uso tu, anachukuliwa. "Utamwangusha." Ninamaliza chai, naaga. Siku ya saba nilichinja akika, jina likasomwa, nikapongezwa na mtaa mzima kwa mtoto ambaye sikuwahi kumwona akiwa uchi.

Wiki ya tatu nilikuta shangazi hayupo na mke wangu amelala. Bibi yake, mtu wa Siyu aliyepita miaka themanini, alikuwa amekaa chini juu ya mkeka na mtoto kwenye mapaja, kibakuli cha mafuta ya nazi kikielea ndani ya sufuria ya maji moto. Alimkanda kwa kidole gumba, mgongo kutoka shingoni kwenda chini, na mtoto kanyamaza kama aliyelewa. Nikasimama mlangoni kwa mazoea ya mlangoni. Akaniangalia.

"Njoo, baba. Mkono wangu umechoka."

Nikamwambia naogopa.

"Si kioo."

Akanionyesha: mafuta kwanza kwenye kiganja changu mwenyewe, niyapime joto, kisha mguu, kisha wayo, kidogo kidogo, bila kuvuta. Wayo mzima ulikuwa mfupi kuliko kidole changu cha kati. Kwenye kisigino cha kulia nikaona doa dogo jeusi, kama mbegu ya ufuta. Siku ishirini na moja nilikuwa baba yake, na ndiyo kwanza nalijua lile doa. Bibi hakunisifu wala hakunihimiza. Alikuwa anakunja leso. Siwezi kusema mapenzi yalishuka siku ile. Nilirudi kesho yake mapema, kabla ya chai, na hilo ndilo ninaloweza kulishuhudia.

Baadaye nikakuta kwamba watu wa Sunraysia, Australia, walilifanyia jaribio jambo hilohilo, likachapishwa mwaka 1992. Baba wa mtoto wa kwanza walifundishwa kumwogesha na kumkanda, wakaambiwa waendelee nyumbani. Mtoto alipofika wiki 12, alimpokea baba huyo kwa kumtazama usoni, kutabasamu na kumnyooshea mikono zaidi kuliko watoto ambao baba zao hawakufundishwa. Na kule Jerusalem mwaka 1994, Marsha Kaitz na wenzake waliwafumba baba macho wakawapa mikono ya watoto wachanga waiguse. Waliokuwa wamekaa na watoto wao saa chache tu waliwatambua kwa mkono. Kwa uso walishindwa. Ndiyo ile tofauti ndogo ya London iliyokuwa imeniganda kichwani, ya nani anajua kumshika.

Kwa mtazamo huu, uzazi mgumu nao husomeka vingine. Mama akipasuliwa, huwa hawezi kumpakata mtoto kwa muda, na mtoto anahitaji joto la mtu. Mwaka 2007 Kerstin Erlandsson na wenzake, Sweden, waliwagawa baba na watoto 29 waliozaliwa kwa upasuaji: wengine mtoto aliwekwa juu ya kifua kitupu cha baba, wengine kwenye kitanda chake baba akiwa kando. Wa kifuani walilia kidogo kuliko wa kitandani na kutulia upesi zaidi. Kwa watoto njiti ni hivyohivyo. Ule utaratibu wa kuwafunga kifuani kama kangaruu, ulioanza Bogotá mwaka 1978 kwa uhaba wa vifaa, hauulizi kifua ni cha nani.

Mwanangu wa pili alizaliwa hivyo, Malindi, baada ya safari ya Mokowe, Witu, Garsen ambayo sitaki kuikumbuka. Nilikuwa nje ya chumba cha upasuaji, nikiwa na hofu kubwa kuliko ya mara ya kwanza. Kwa hesabu ya wanaoamini chumba, ningetoka pale nimeharibika. Akatoka muuguzi wa makamo, akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Baba, vua shati." Akamlaza mtoto kifuani, akatufunika leso mbili, akaniambia nisiende popote. Saa nzima na zaidi. Sikio lake la kushoto lilikuwa limejikunja kama jani la tambuu, nikalitazama likijikunjua polepole. Nilimwadhinia akiwa palepale, nusu kwa kunong'ona, nisimwamshe.

Najua mtu mmoja si utafiti, na mtoto wa pili humkuta baba aliyekwisha kuzoea. Lakini nikiulizwa na kijana anayetarajia, simwambii apigane na mlinzi wa leba. Namwambia amuulize mkewe anamtaka nani. Aende kliniki mapema, aulize wauguzi wakati hawana haraka: nikibaki nje, nani atanipa habari? Mtoto akitoka na mama hawezi, je, naweza kumshika mimi? Namwambia pia kwamba Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mwanamume aliyeajiriwa wiki mbili za likizo ya uzazi kwa mshahara kamili, na wengi hawaiombi kwa haya. Ya mvuvi haipo kwenye sheria yoyote. Mke akijifungua wakati wa kaskazi, bahari ni shwari na samaki wapo, na hakuna anayeweza kumwambia mtu wa kula kwa siku akae nchi kavu arubaini nzima. Ila hata mvuvi hurudi, na mtoto mchanga hukandwa asubuhi na jioni.

Aliyeona mabaya usiku wa uzazi, kwanza azungumze, na mkewe au na daktari, kabla ya kulaumiwa kwamba hapendi. Na wakwe, tafadhali, muacheni akosee kidogo. Mtoto kukunja uso si kuanguka.

Wa tatu ana wiki tano sasa. Tuko kwa wakwe tena. Yule bibi wa Siyu ametangulia mbele ya haki, Mwenyezi Mungu amrehemu, na kibakuli kimerithiwa na mama mkwe, ambaye miaka tisa iliyopita ndiye aliyekuwa akininyang'anya mtoto kabla chai haijapoa. Jana nilichelewa, nilikutana na mtu njiani, tukasimama. Nilipofika chini ya ngazi nilimsikia juu, akimwuliza mke wangu kwa sauti ya kukereka: "Baba yake yuko wapi? Mafuta yanapoa."